Mtamba Huyu Baba Yake Nani?

Malipo ya korosho yanapoanza kuingia, huku kwetu Masasi, Newala na Tandahimba huwa ni majira ya kupaua nyumba, kulipa ada na kununua pikipiki, na miaka ya karibuni wamo pia wanaonunua ng'ombe wa maziwa. Mnunuzi hufika bandani, humzunguka mtamba, yaani jike mchanga ambaye hajazaa, huuliza mama yake anatoa lita ngapi, hukitazama kiwele cha mama huyo ikiwa yupo, kisha huuliza swali la mwisho ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo la kitaalamu kuliko mengine: ana damu ya ng'ombe wa Ulaya asilimia ngapi? Akijibiwa sabini na tano huridhika na kutoa fedha. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza baba wa mtamba huyo ni dume gani, na mabinti wengine wa dume huyo wanakamuliwa kiasi gani huko waliko. Ninafuga chotara, na habari za urithi wa maziwa nimezisoma kwa bidii kwa sababu riziki yangu imo humo. Nimefikia kuamini kwamba swali hilo lisiloulizwa ndilo linalobeba sehemu kubwa ya thamani ya mnyama anayenunuliwa.

Huenda mazoea yetu ya kusini yana mchango wake. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo mengi ya familia. Aliyelelewa katika utaratibu huo haoni tabu kuamini kwamba maziwa, ambayo ni kazi ya jike waziwazi, hutoka kwa bibi yakapita kwa mama hadi kwa mjukuu, na kwamba dume ni mpita njia tu. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa dume hakamuliwi na hakuna anayeweza kumpima kwa ndoo. Hata hivyo, ng'ombe ana kromosomu 60, yaani jozi 30, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Vinasaba vinavyohusika na maziwa vimo ndani ya dume kama vilivyomo ndani ya jike. Kwa dume vimekaa kimya, naye huvikabidhi kwa binti kwa kipimo kile kile cha nusu ambacho mama hukabidhi. Kwa hiyo anayekagua kiwele cha mama peke yake amekagua nusu ya urithi, na nusu ya pili ameinunua gizani.

Inafaa kueleza jinsi urithi huu unavyotofautiana na ule wa mambo mepesi. Kukosa pembe, kwa mfano, huamuliwa na kinasaba kimoja, na ndama akipata nakala moja tu ya umbo la kutokuwa na pembe kutoka kwa mzazi yeyote, haoti pembe. Maziwa hayaendi hivyo. Wanasayansi walipotangaza mwaka 2009 kwamba wamesoma mpangilio kamili wa vinasaba vya ng'ombe, walikadiria kuwa mnyama huyu ana vinasaba vipatavyo 22,000, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba wingi wa maziwa unaguswa na sehemu nyingi mno za kromosomu, karibu kila moja ikichangia kidogo sana. Kimoja kinahusika na ukuaji wa tezi za kiwele, kingine na jinsi mwili unavyogawa chakula kati ya nyama na maziwa, kingine na hamu ya kula, kingine na muda ambao chembe zinazotengeneza maziwa hudumu kabla ya kufa. Ndiyo sababu hakuna ng'ombe wa kusemwa kwamba anacho au hana kinasaba cha maziwa. Kila mmoja ana mchanganyiko wa vizuri na vibaya, na tofauti iko katika wingi wa vizuri.

Katika kuvikabidhi vinasaba hivyo kuna bahati ambayo hakuna mfugaji anayeweza kuiondoa. Mzazi hatoi nusu iliyo bora wala nusu iliyo duni, bali nusu yoyote, kama mtu anayechota kunde kwa kiganja katika gunia lililochanganywa nyekundu na nyeupe: kila kiganja hufanana na gunia kwa jumla, lakini hakuna viganja viwili vilivyo sawa. Kwa sababu hiyo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja huweza kuachana kwa lita kadhaa wakiwa katika banda moja, na takriban nusu ya tofauti zote za kinasaba zilizopo katika kundi huonekana hata kati ya ndugu wa damu moja. Mfugaji aliyekuwa na ng'ombe mzuri akapata binti wa wastani hakuibiwa wala hakurogwa, bali kiganja cha mara hiyo kimetoka na kunde nyeupe nyingi.

Hesabu inayofuata naomba isomwe taratibu, kwa sababu nadhani ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mfugaji mdogo. Wataalamu wa uzalishaji wa mifugo hupima kiwango cha kurithika kwa sifa fulani, yaani ni sehemu gani ya tofauti tunazoziona kati ya wanyama inatokana na vinasaba wanavyoweza kuvirithisha, na ni sehemu gani inatokana na chakula, maji, maradhi, umri, msimu na mkono wa mkamuaji. Kwa wingi wa maziwa katika makundi yanayotunzwa vizuri, kiwango hicho ni karibu asilimia 30. Katika mabanda ambako ulishaji unabadilika kila mwezi, hushuka chini ya hapo. Tuchukue mfano wa wafugaji jirani ambao ng'ombe wao kwa wastani hutoa lita 6 kwa siku, na miongoni mwao yupo mmoja anayetoa lita 10. Amewazidi wenzake kwa lita 4, lakini katika lita hizo 4 zinazotarajiwa kuwa za vinasaba vyake ni kama lita 1.2 tu, na nyingine zimetokana na matunzo ya bwana wake pamoja na mambo ya kupita. Katika hiyo 1.2, ndama atapata nusu, yaani lita 0.6, na hapo tumechukulia kwamba dume aliyempanda ni wa wastani. Mnunuzi anayelipa bei kubwa akitarajia kwamba binti wa ng'ombe wa lita 10 atatoa lita 10 amelipia lita 4 za ziada ili apate kidogo zaidi ya nusu lita. Maumivu ninayoyasikia kila mwaka kwa watu walionunua mitamba kwa kutazama ndoo ya mama mtu yana asili yake hapo, na wengi wao humlaumu muuzaji kwa udanganyifu ambao hakuufanya.

Asilimia 30 si kidogo, hata hivyo. Sifa nyingine, kama uwezo wa kushika mimba mapema baada ya kuzaa, zina kiwango cha kurithika kisichofika asilimia 10, na kuziboresha kwa uteuzi huchukua vizazi vingi. Ubora wa maziwa, kwa upande wake, hurithika zaidi kuliko wingi wake: asilimia ya mafuta na ya protini ndani ya maziwa ina kiwango cha kati ya 40 na 50. Kwa maneno mengine, mfugaji anaweza kubadili uzito wa maziwa kwa kuchagua wazazi kwa urahisi zaidi kuliko anavyoweza kubadili ujazo wa ndoo.

Hapo ndipo kinapoingia kinasaba kimoja ambacho, tofauti na kawaida niliyoieleza, kina nguvu ya kuonekana peke yake. Kinaitwa DGAT1, kiko katika kromosomu ya 14, na kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachokamilisha uundaji wa mafuta ndani ya chembe za kiwele. Mwaka 2002 watafiti walitangaza kwamba kinasaba hiki kina maumbo mawili yanayotofautiana katika nafasi ya 232 ya protini yake: moja lina laisini, jingine lina alanini, ambazo ni aina mbili za asidi amino zinazojenga protini. Ng'ombe mwenye umbo la laisini hutoa maziwa yenye mafuta mengi zaidi lakini ujazo wake hupungua. Mwenye umbo la alanini hutoa maziwa mengi yaliyo mepesi. Ng'ombe wa ukoo wa zebu, yaani wale wenye nundu, ambao ndio asili ya ng'ombe wetu wengi, kwa sehemu kubwa sana wanalo umbo la laisini, na hilo ni moja ya mambo yanayofanya maziwa ya ng'ombe wa kienyeji yawe mazito na yatoe samli nzuri ijapokuwa ni lita moja hadi tatu kwa siku. Katika mbari za maziwa za Ulaya, Jersey naye anasifika kwa mafuta yanayokaribia asilimia 5, wakati Friesian huwa chini ya asilimia 4. Mtwara mjini na Lindi mjini maziwa huuzwa kwa lita, na mnunuzi wa mlangoni hapimi mafuta; kwa hiyo soko lenyewe linatusukuma kuchagua wingi na kuupuuza uzito. Mimi naona ni hasara kwa anayegandisha maziwa au kutengeneza samli, kwa sababu yeye anauza kile hasa ambacho Friesian anacho kwa uchache.

Turudi kwa dume. Jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka akitunzwa vizuri, na nusu ya ndama hao ni madume. Maisha yake yote atatuachia mabinti wachache sana. Dume mmoja anayepanda kijijini huweza kuwa baba wa ndama makumi kwa mwaka, na dume ambaye mbegu zake zimegandishwa katika naitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri huweza kuwa na mabinti maelfu, wengine wakizaliwa baada ya yeye mwenyewe kufa. Wingi huo wa mabinti ndio unaotupa njia ya kumjua. Tukilipima jike kwa kipindi kimoja cha ukamuaji, makadirio yetu ya urithi wake yanaaminika kwa takriban asilimia 30. Tukipima mabinti 10 wa dume mmoja, wakiwa katika mabanda tofauti, uaminifu wa makadirio ya dume hufika kama asilimia 45; wakifika 50, hupanda hadi karibu asilimia 80. Chakula kizuri cha banda moja na ukame wa banda jingine hufutana, kile ambacho mabinti wote wanacho kwa pamoja hubaki, nacho ni urithi wa baba yao. Kwa hiyo yule mnyama asiyetoa hata tone la maziwa ndiye anayeweza kujulikana kwa uhakika kuliko wote, ili mradi kuna mtu aliyeandika majina na lita.

Nguvu hiyo ina upande wake wa hatari, na kisa chake ni cha kweli. Mwaka 1962 alizaliwa Marekani dume wa Holstein, mbari ya maziwa iliyo ndugu wa Friesian, aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake walikuwa wakamuliwaji wa ajabu, na mbegu zake zikatumika kila mahali hata akawa na mabinti wapatao 16,000 na wajukuu wa kike kama 500,000. Sehemu kubwa ya Holstein waliopo duniani leo wanabeba vipande vya kromosomu zake. Miongoni mwa vipande hivyo kilikuwemo kinasaba kilichoharibika, APAF1, ambacho ndama akikipata kwa baba na kwa mama pia, hufia tumboni. Aliyekuwa na nakala moja tu hakuonyesha dalili yoyote. Ilichukua hadi mwaka 2011 kwa watafiti kugundua, kwa kutumia takwimu, kwamba kipande fulani cha kromosomu hakionekani kamwe kikiwa nakala mbili kwa ng'ombe aliye hai, na baadaye wakakikamata kinasaba chenyewe. Mimba zilizoharibika duniani kwa sababu hiyo zinakadiriwa kuwa karibu nusu milioni. Hata hivyo wale wale waliofanya hesabu hiyo walikiri kwamba faida ya maziwa iliyotokana na Chief ilikuwa kubwa kuliko hasara hiyo kwa mbali sana. Siku hizi madume ya uhimilishaji, yaani wanaotoa mbegu za kupandikiza kwa mrija, hupimwa kama wanabeba kasoro hiyo, na mkulima anayesoma orodha ya madume anaweza kuiona alama yake.

Upimaji wa mabinti una kasoro ya kuchelewa. Dume akianza kutoa mbegu akiwa na mwaka mmoja, mabinti wake huzaliwa mwaka wa pili, nao huzaa na kukamuliwa miaka miwili au mitatu baadaye, hivyo jibu hupatikana dume akiwa na miaka mitano au zaidi. Mwaka 2001 Theo Meuwissen, Ben Hayes na Michael Goddard walionyesha kwa hesabu kwamba inawezekana kusoma maelfu ya alama za vinasaba zilizotawanyika katika kromosomu zote, kuzilinganisha na maziwa ya wanyama wengi waliokwisha kupimwa, kisha kukadiria thamani ya ndama dume angali mchanga. Mwaka 2009 Marekani ikaanza kutoa rasmi makadirio ya namna hiyo kwa Holstein, kwa kutumia vipimo vinavyosoma alama kama 50,000 kwa mara moja. Muda kati ya kizazi na kizazi ukapungua sana na maendeleo yakaongezeka kasi.

Makadirio hayo, hata hivyo, yana nguvu kwa wanyama wanaofanana na wale waliotumika kuyatengeneza, katika mazingira yanayofanana. Dume aliyepewa alama za juu kwa sababu mabinti zake wanakula nafaka na kulala katika mabanda yenye feni hatujui atakuwa wa ngapi mabinti zake wakila matete, pumba na mashudu ya ufuta katika joto la Mikindani. Ndiyo maana naipa heshima kubwa kazi inayofanywa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, kwa kushirikiana na Taasisi yetu ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, ya kukusanya kumbukumbu za maziwa na sampuli za vinasaba kutoka kwa wafugaji wadogo wa Tanzania ili makadirio yajengwe juu ya chotara wetu wenyewe. Kazi hiyo imeegemea zaidi mikoa yenye ng'ombe wengi wa maziwa, na sisi wa kusini, ambao mbung'o waliwazuia babu zetu kufuga ng'ombe kwa wingi, tuna wanyama wachache na kumbukumbu chache zaidi. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa sababu ya kukaa pembeni. Mimi naliona kuwa sababu ya kuandika kwa bidii kuliko wengine, kwa kuwa kila binti mmoja anayepimwa huku ana uzito mkubwa.

Sasa nije kwenye asilimia ya damu, kwa sababu naona ndiyo inayowapotosha watu wema. Asilimia hueleza sehemu ya mababu waliotoka katika mbari fulani na haisemi neno juu ya ubora wa mababu wenyewe. Katika nchi zenye kumbukumbu, mabinti wa Friesian aliye bora na mabinti wa Friesian aliye dhaifu hutofautiana kwa lita mia kadhaa katika kipindi kimoja cha ukamuaji, ilhali wote ni Friesian asilimia mia moja. Mtamba wa asilimia 75 aliyetokana na dume dhaifu anaweza kushindwa na wa asilimia 50 aliyetokana na dume bora, na katika karatasi ya mauzo wa kwanza ataonekana ndiye ghali.

Zaidi ya hapo, namna asilimia ilivyopatikana ina maana kubwa. Tukimpandisha zebu kwa dume wa Friesian, ndama wa kwanza ana nusu kwa nusu, na katika kila jozi ya kromosomu moja ni ya zebu na nyingine ni ya Ulaya. Vinasaba dhaifu ambavyo mbari moja ilikuwa imevificha hufunikwa na vizima vya mbari nyingine, na mnyama huyo hupata nguvu ya chotara: hukua haraka, hushika mimba vizuri, hustahimili maradhi, na maziwa yake huzidi wastani wa wazazi wake wawili. Akipandishwa tena kwa Friesian halisi, tunapata 75, lakini nguvu ya chotara imebaki nusu, kwa sababu katika nusu ya jozi zake kromosomu zote mbili sasa ni za Ulaya. Na tukiwapandisha chotara wa nusu kwa nusu wenyewe kwa wenyewe, asilimia inabaki 50 kwenye karatasi ilhali nguvu ya chotara imeshuka hadi nusu. Mwaka 1987 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchambuzi wa E. P. Cunningham na O. Syrstad, waliokusanya matokeo ya upandishaji chotara katika nchi nyingi za joto. Walikuta kwamba maziwa hupanda kadiri damu ya Ulaya inavyoongezeka hadi kufikia nusu, na kuanzia hapo kuongeza zaidi hakuleti tofauti kubwa, huku nafasi kati ya uzao na uzao ikirefuka. Na walikuta pia kwamba kizazi cha pili cha chotara waliopandishwa wenyewe kwa wenyewe hushuka. Ningependa kila mnunuzi wa mtamba wa 75 asikie matokeo hayo kabla ya kuuza tani yake ya korosho.

Tanzania ilijaribu njia nyingine tangu kabla ya uhuru, pale Mpwapwa, ambako watafiti waliunganisha damu ya Sahiwal na Red Sindhi wa bara Hindi, zebu wa Tanzania, Boran na kiasi cha Ayrshire, wakachagua kizazi baada ya kizazi hadi ikapatikana mbari ya Mpwapwa inayozaliana yenyewe bila kuhitaji kuchanganywa upya. Haitoi maziwa ya kushangaza, lakini inaishi, na nasikitika kwamba haijulikani sana huku kwetu.

Joto la pwani linastahili kutajwa kwa sababu nalo lina urithi wake. Friesian huanza kutaabika hewa inapopita nyuzijoto 25 hivi, na unyevunyevu wa Lindi na Mtwara huzidisha taabu kwa kuwa huzuia jasho kukauka. Mnyama hupumua kwa haraka, hupunguza kula, na maziwa huanguka. Mwaka 2014 watafiti walieleza badiliko katika kinasaba cha kipokezi cha prolaktini, ambayo ni homoni inayohusika na maziwa, lililotokana na ng'ombe wa Senepol wa visiwa vya Karibi, ambalo humpa ng'ombe manyoya mafupi laini na uwezo mkubwa zaidi wa kupoza mwili. Nakala moja yatosha kuonyesha sifa hiyo, na huko Puerto Rico wapo Holstein wanaoibeba ambao maziwa yao hayaanguki sana wakati wa joto. Mbegu za madume wa namna hiyo zingetufaa sana. Wakati tukizisubiri, maoni yangu ni kwamba kwa mfugaji wa pwani mwenye eneo dogo la matete, chotara wa Jersey ni mwafaka kuliko wa Friesian: mwili wake ni mdogo, hula kidogo, huvumilia joto vizuri zaidi, na maziwa yake ni mazito.

Jambo moja baya zaidi kuliko dume asiyejulikana ni dume anayejulikana mno. Katika vijiji vingi yupo dume mmoja chotara ambaye hupanda majike yote ya jirani. Miaka miwili au mitatu ikipita, mabinti zake wameanza kuingia kwenye joto la kutaka dume na yeye bado yupo. Ndama wa baba na binti yake hupata robo ya vinasaba vyake katika hali ya nakala mbili zinazotoka kwa babu mmoja, na wa ndugu wa baba mmoja hupata sehemu moja ya nane. Kasoro zilizokuwa zimefichwa hujitokeza, uzito wa kuzaliwa hupungua, mimba hazishiki, na maziwa hushuka kwa kila asilimia ya muunganiko huo. Watu husema kizazi kimechoka. Dume wa kijiji auzwe au abadilishwe na wa kijiji cha mbali kabla mabinti zake wa kwanza hawajafikia umri wa kupandwa. Kanuni hiyo haina gharama, maana dume aliyenenepa ana bei nzuri kwa mchinjaji.

Kuhusu kumbukumbu, ninachokiomba kwa wenzangu ni kidogo. Mrija uliobeba mbegu umechapishwa jina la dume, namba yake na mbari yake. Mhimilishaji akishamaliza kazi, mrija huo mara nyingi hutupwa pale pale bandani. Uombeni, uoshwe, ubandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la jike. Ndama akizaliwa, iandikwe tarehe na jinsia chini ya mrija huo huo. Akifika kukamuliwa, si lazima kupima kila siku. Siku moja kwa mwezi, asubuhi na jioni, kwa chombo kile kile chenye alama za lita, inatosha kukadiria maziwa ya kipindi chote cha siku 305 kwa usahihi wa kuridhisha, na ndivyo hata nchi zilizoendelea zilivyofanya kwa miongo mingi. Mwenye banda la ng'ombe wawili hatajua chochote juu ya dume kwa daftari lake peke yake, lakini madaftari ya Masasi, Nachingwea, Ruangwa na Mingoyo yakiwekwa mezani pamoja, mabinti wa dume mmoja wataonekana wako wangapi na wanakwenda vipi.

Katika maonyesho ya Nanenane pale Ngongo, Lindi, napenda kusimama kwenye mabanda ya mifugo na kusoma vibao. Huandikwa mbari, umri, lita kwa siku, na siku hizi asilimia ya damu. Ningeomba waandaaji waongeze mstari mmoja wa jina la baba, na mwingine wa idadi ya dada zake waliopimwa, hata kama jibu litakuwa sifuri kwa miaka ya mwanzo. Kwa upande wangu nimekwisha kuamua namna ya kununua: mtamba anayekuja na mrija wa baba yake na daftari la mama yake nitamlipia zaidi, hata akiwa na asilimia 50, na asiye na chochote kati ya hivyo nitampa bei ya chotara yeyote, hata mama yake akamuliwe lita ngapi mbele yangu.